Kosa Lisilomdhuru Mtu

Msomaji, liko swali moja ambalo wanafunzi wangu huliuliza kwa midomo, na watu wazima huliuliza kwa matendo yao, nalo ni hili: mtu akitenda jambo kwa uzembe, lakini uzembe ule usimdhuru mtu yeyote, je, amekosa? Wengi hujibu upesi kwamba hakukosa. Husema, kama hakuna aliyeumia, wala hakuna kilichoharibika, mashitaka yaanzie wapi? Jibu hilo lina sura nzuri, na mimi mwenyewe nililitegemea kwa muda wa majuma matatu, mpaka liliponishinda kulibeba. Nitakueleza jinsi lilivyonishinda. Na kwa kuwa jambo lenyewe lahusu gari, itanibidi kwanza niichovye mikono yako katika grisi kidogo.

Nakaa Machakos, mji uliolala chini ya vilima vya Iveti, nami nina gari dogo lililotumika kwanza Ujapani kabla ya kuvuka bahari, kama yalivyo magari madogo mengi ya Kenya. Mwezi wa Desemba mmoja lilianza kulia. Kila nilipokata kona ya kushoto, upande wa gurudumu la kulia la mbele palitoka sauti kama ya mtu avunjaye vijiti vikavu kimoja kimoja. Nilipoinama na kuchungulia, niliona grisi imetapakaa ndani ya gurudumu, na mpira uliopaswa kuihifadhi umepasuka. Nikajua kwamba shafti ya upande ule imekwisha.

Yafaa uelewe shafti hiyo ni kitu gani. Zamani magari mengi yalisukumwa na magurudumu ya nyuma: injini ilikaa mbele, na chuma kirefu kilipita chini ya tumbo la gari kupeleka nguvu nyuma. Kuyafanya magurudumu ya mbele yavute lilikuwa jambo gumu, kwa sababu gurudumu la mbele lina kazi mbili zinazogombana. Lazima lizungushwe na injini, na papo hapo lazima ligeuke kulia na kushoto kufuata amri ya usukani. Chuma kilichonyooka hakiwezi kuwatumikia mabwana hao wawili. Dawa mojawapo ilipatikana katika miaka ya 1920, pale Alfred Rzeppa, mhandisi aliyefanya kazi Marekani, alipobuni kiungo chenye gololi sita za chuma zinazotembea katika mifereji yake, kiungo kinachofanana kidogo na bega la mtu, ambalo huuacha mkono uzunguke hali umeinamia upande. Mwaka 1934 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilitoa gari lililoitwa Traction Avant, lililovutwa na magurudumu ya mbele. Na mwaka 1959 Alec Issigonis aliwapa Waingereza gari la Mini, ambalo injini yake ililazwa kwa upana wa gari badala ya urefu. Tangu hapo mtindo huo umeenea katika magari madogo ya dunia nzima, likiwamo langu. Kila gurudumu la mbele lina shafti yake fupi, yenye kiungo ncha hii na kiungo ncha ile, na kila kiungo huishi ndani ya mfuko wa mpira uliojaa grisi. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na vumbi huingia. Na Machakos, msomaji, hatuna upungufu wa vumbi.

Niliazimia kuitengeneza nyumbani mwenyewe. Sioni aibu kusema kwamba sababu ya kwanza ilikuwa fedha, kwa kuwa mshahara wa mwalimu katika Desemba una wadai wengi. Lakini ilikuwapo sababu ya pili, nayo ni kiburi. Nilipenda wazo la mtu anayekijua chombo chake mpaka ndani. Mpaka leo nalipenda. Siungi mkono wale wasemao kwamba asiyevaa vazi la fundi asiguse spana. Mafundi wengi hodari wa nchi hii walijifunza chini ya mwembe, kwa macho na kwa mikono, wala hakuna mtu aliyezaliwa na cheti. Ajuaye kusoma na kufuata maagizo ana haki ya kujaribu. Ila haki hiyo ina deni lake, na deni hilo ndilo lililoniponyoka.

Siku ya Jumamosi nilianza asubuhi pamoja na mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili aliyekuja kwetu kwa likizo. Tuliweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa maana ua wetu una mteremko. Yeye akakanyaga breki nami nikailegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu, wakati gari lingali limekanyaga chini. Kisha tukaliinua kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi za chuma, maana jeki ni ya kuinulia tu, na mtu aingiaye chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ameiweka roho yake rehani. Tukamwaga mafuta ya giaboksi katika beseni. Tukatoa gurudumu, tukafungua kiungo cha chini kinachoshika mkono wa gurudumu, tukavuta kitovu cha gurudumu upande, na ncha ya nje ya shafti ikatoka katika kitovu. Ncha ya ndani ilikataa. Nilisukuma kwa mtarimbo kwa hadhari, nikikumbuka kwamba pale mlangoni mwa giaboksi pana pete laini ya mpira izuiayo mafuta, na mkwaruzo mmoja waweza kuifanya ivuje maisha yake yote. Ilipotoka ghafula nilianguka chali, na kijana akacheka mpaka akakaa chini.

Kuingiza shafti mpya kulitutesa zaidi. Meno yake lazima yaoane na meno ya ndani, tena isukumwe mpaka pete ndogo ya waya iliyo kwenye ncha yake ilie na kushika. Isipolia, haijashika. Tuliisukuma mara sita au saba, na ilipolia tulipeana mikono kama watu waliofunga bao. Nayasimulia haya yote, msomaji, ili ujue kwamba sikuwa mzembe tangu asubuhi. Mzembe wa tangu asubuhi ni nadra kuliko tunavyodhani. Uzembe mwingi huja jioni, baada ya kazi nzuri, nao huja umevaa nguo za uchovu.

Jioni ilipofika ilibaki nati. Nati ile si kitu cha kushikilia gurudumu tu lisianguke. Hubana kwa pamoja shafti, kitovu na beringi, na beringi hufanya kazi yake sawasawa ikiwa tu imebanwa kwa kipimo. Ikilegea, beringi hupata nafasi ya kucheza. Ikicheza huchakaa, hupata moto, na gurudumu huanza kuyumba. Na gurudumu linaloyumba katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa halina haja ya kuelezwa. Maagizo ya gari langu yalitaka nati ikazwe kwa niutoni-mita 216. Wewe usomaye fizikia utaipata maana yake upesi: mtu wa kilo 70 akisimama kwa uzito wake wote juu ya ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30, nguvu yake ya kuzungusha ni kama niutoni-mita 206, yaani bado hajafika. Iko spana maalumu yenye kipimo, ambayo humwambia fundi amefika. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na spana ya kawaida na kipande cha bomba la chuma cha kuirefushia.

Tena maagizo yalitaka nati iwe mpya. Nati ya namna ile ina ukingo mwembamba ambao, baada ya kukazwa, hugongwa kwa patasi ukaingia katika mfereji wa shafti, ili isiweze kujifungua yenyewe kwa mtikisiko. Ukingo uliokwisha gongwa mara moja na kunyoshwa huwa umechoka. Wa ile nati yangu ulikuwa umepata ufa mdogo, kama ufa wa ukucha. Shafti mpya ilikuja katika katoni bila nati, na duka la vipuri lilikuwa limekwisha kufungwa.

Mpwa wangu alikuwa ameshika simu, akisoma maagizo kwa sauti huku akinimulikia. Akasema, "Mjomba, hapa wameandika nati mpya."

Nikamwambia, "Hii itafaa. Wazungu wa vitabu hupenda kuuza nati."

Msomaji, maneno yale yalikuwa ya uongo mara mbili. Kwanza, waandishi wale walikuwa Wajapani. Pili, sikuwa nikiamini nilichosema. Nilikaza nati kwa bomba mpaka mikono ikatetemeka, nikaugonga ule ukingo wenye ufa, nikaturudisha gurudumu, na mwisho nikakipachika kifuniko cha plastiki kinachopamba gurudumu. Kikalia kwa wepesi na kuifunika nati yote. Gari likapendeza. Hata mtu mwenye macho ya tai angelizunguka lile gari mara kumi asione neno.

Jumapili nililiendesha mjini na kurudi. Halikulia tena. Nikaanza kuamini. Jioni yake alikuja jirani yangu, mzee wa makamo ya kwenda themanini, akaniomba nimpeleke Nairobi siku ya pili pamoja na mkewe, ambaye alikuwa na miadi katika kliniki ya macho. Akasema, "Mwalimu, matatu humtikisa sana, na sasa haoni anapokanyaga." Je, ningemjibu nini? Nilimjibu, "Hakuna taabu, Mzee." Neno lile "hakuna taabu" lilitoka haraka kuliko fikira.

Safari ya kutoka Machakos kwenda Nairobi ni kama kilomita 60. Unashuka mpaka Kyumvi, kisha unaingia barabara kuu itokayo Mombasa, ambako malori ya mizigo ya bandarini hupita usiku na mchana. Katika gari walikuwamo mzee, mkewe, na mjukuu wao wa kike wa miaka tisa au kumi aliyekuwa akimshika bibi yake mkono. Mimi nilikuwa nikisikiliza gurudumu la kulia. Kila lori lililonipita nililihesabu. Mzee kwa upande wake alikuwa amefurahi, akanisimulia habari za ujana wake, walipokuwa wakichimba matuta katika miteremko.

Nisimame kidogo hapa, maana habari ile yahusu swali letu kuliko alivyokusudia yeye. Mteremko wa Machakos ukiachwa wazi, mvua huuchukua udongo wake. Katika zama za ukoloni wataalamu waliitazama nchi hii wakaitabiria jangwa, na watu wakashurutishwa kuchimba. Baadaye wenyeji wakaifanya kazi ile kuwa yao wenyewe, wakisaidiana katika vikundi vya mwethya, ambamo wanawake ndio walikuwa wengi. Na namna moja ya tuta iliyoenea ni ile iitwayo fanya juu, ambayo mtu huchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa wilaya ile walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua. Utabiri wa jangwa ulishindwa na majembe.

Lakini mzee hakunisimulia habari za watafiti. Alinisimulia kwamba kikundi chao kilipomaliza shamba moja, mama mmoja mkubwa alikuwa akipita juu ya tuta zima akilikanyaga kwa kisigino, hatua kwa hatua. Penye ulaini alisimama wala hakusema neno; aliyechimba pale alirudi mwenyewe na jembe. "Sisi vijana tulimchukia," mzee akasema, akicheka. "Tulimwambia, Mama, mvua yenyewe haipo, mbona watutesa? Naye akasema, wa shamba la chini hakuliona tuta hili likichimbwa." Mkewe nyuma akaitikia kwa Kikamba neno ambalo sikulisikia vizuri, kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza gurudumu.

Tulifika salama. Tulirudi salama. Mama alipata dawa zake. Juma lililofuata mzee alikuja na kikapu cha maembe, akanishukuru mbele ya nyumba yangu yote, naye akasema kwamba gari langu lapita kama maji. Nilikula maembe yale.

Basi sasa, msomaji, tuamue. Hakuna aliyeumia. Gari halikupata hata mkwaruzo. Je, nilikosa?

Mwaka 1877 mwanahisabati mmoja wa Uingereza, William Kingdon Clifford, aliandika insha ambayo wanafalsafa wanaijadili hata leo. Alimfikiria mtu mwenye meli kuukuu, aliyekuwa karibu kuipeleka baharini imejaa watu wanaohama nchi yao. Mtu yule alikuwa na shaka kwamba meli haifai, lakini matengenezo yangemgharimu. Basi akaizima ile shaka kidogo kidogo, akijiambia kwamba meli imekwisha pita dhoruba nyingi na kwamba Mungu hawezi kuwaacha watu wote wale. Akafika mahali akaamini kwa moyo safi kwamba meli ni nzima. Akaiaga kwa furaha. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima akanyamaza. Clifford akasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na imani yake safi haimwokoi, kwa sababu hakuipata kwa kuchunguza bali kwa kuizima shaka. Wengi humfuata mpaka hapo. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo jiwe la insha ile: tuseme meli haikuzama, ikaenda na kurudi salama safari zote, je, hatia yake yapungua? Akajibu kwamba haipungui hata chembe. Mtu yule asingekuwa hana hatia. Angekuwa hajagunduliwa tu.

Nilipoisoma insha ile kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, niliiona ni kali kupita kiasi. Na hata leo nadhani mtu aweza kuipinga kwa haki. Itazame sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, humpa adhabu nzito zaidi aliyeendesha kwa hatari akaua kuliko aliyeendesha kwa hatari asiue, ingawa mikono yao na mioyo yao ilikuwa sawa. Ikiwa hatia yao ni moja, mbona adhabu ni mbili? Mama aliyefiwa hawezi kuambiwa kwamba dereva aliyemwua mwanawe ni sawa na dereva aliyekwepa kwa bahati. Moyo wa binadamu hulikataa neno hilo, na sidhani kwamba moyo wake umepotoka.

Lakini sheria ile ile ina sura ya pili. Inaagiza kwamba gari na vipande vyake vyote viwe katika hali isiyoelekea kuwahatarisha watumiaji wa barabara, wala haingoji ajali ndipo iseme. Polisi akilikuta gari la hatari limesimama kivulini na dereva wake akila mahindi, anaweza kulizuia. Kwa hiyo naona sheria imetenganisha vitu viwili ambavyo sisi katika mazungumzo yetu huvichanganya, yaani hatia na hasara. Hasara huletwa na mtu pamoja na bahati. Jiwe, mvua, lori lililokuja dakika ile badala ya dakika nyingine, yote yana sehemu yake. Hatia huletwa na mtu peke yake. Aliyebahatika hadaiwi fidia, kwa kuwa hakuna cha kufidia. Lakini bahati haikukaza nati yangu. Lile nililolitenda Jumamosi jioni lilikwisha tendeka lote pale pale, kabla gari halijasogea hatua moja, na yaliyofuata barabarani hayakuweza kulifanya liwe jingine.

Utanipinga, na ni vema unipinge, kwamba kwa hesabu hiyo hakuna mtu aliye safi. Nani ana hakika ya kila kitu? Rubani hana, mpishi hana, daktari hana. Tukingoja hakika kamili hatutatoka vitandani. Nakubali. Sisemi kwamba nilikosa kwa sababu nilikuwa na shaka. Ziko shaka ambazo hakuna juhudi iwezayo kuziondoa, na tunasafiri nazo wote kama vile tunavyosafiri na vivuli vyetu. Shaka yangu haikuwa ya jamii hiyo. Ilikuwa shaka yenye bei yake iliyoandikwa dukani: nati moja, na spana ya kuazima kwa saa moja, na kumwambia mzee angoje mpaka Jumatano au atafute gari jingine. Niliijua bei, nikaiona kubwa, nikaitupa juu ya watu watatu walioketi katika gari langu, na juu ya wengine nisiowajua waliokuwa wakitembea kando ya barabara, bila kumwuliza hata mmoja wao.

Na mpwa wangu? Nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyenishinda. Shule zilipokaribia kufunguliwa katika Januari nilimpeleka stendi ya mabasi. Alipokuwa akitoa sanduku lake katika gari alilitazama gurudumu la kulia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba, ile nati ulinunua?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Alikuwa anaondoka, na asingelijua kamwe. Nikamwambia, "Bado."

Akasema, "Sawa, Mjomba," akapanda basi. Sikusikia lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa amekwisha jifunza kwamba mambo ndivyo yafanywavyo.

Kutoka stendi nilikwenda moja kwa moja dukani nikanunua nati, kisha kwa fundi mwenye spana ya kipimo. Kabla ya kuitoa ile ya zamani nilimwomba aipime tu, nijue. Akaweka spana katika 216 akavuta. Nati ikaenda karibu robo ya mzunguko ndipo spana ikalia. Fundi akaniangalia. "Nani alifunga hii?" akauliza. Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa akaendelea na kazi, akaweka mpya, akaipima, akaugonga ukingo wake, akataka malipo ambayo hayakuzidi bei ya kikapu cha maembe.

Lilibaki jambo la mzee. Kwa siku mbili nilijadiliana na nafsi yangu. Nafsi ilikuwa wakili hodari. Ilisema kwamba gari sasa ni zima, na kumwambia mzee ni kumtia hofu ya jambo lililopita, hofu isiyo na faida, ili mimi nipate kupumua. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ziko kweli ambazo watu huzisema kwa kujipendelea. Hata hivyo nilikwenda, jioni, nikamkuta nje ameketi juu ya kigoda, nikamweleza yote, nati, ufa, bomba na kifuniko.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Siku ile tulipokuwa tukienda, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa na shaka, Mzee."

"Basi ungeniambia," akasema. "Pengine ningepanda. Mama alikuwa lazima afike. Lakini ningepanda mimi, si kupandishwa. Na yule mtoto ningemwacha nyumbani."

Sikuwa na la kujibu. Katika fikira zangu zote, pamoja na Clifford na sheria na hesabu za niutoni-mita, lile la mtoto kubaki nyumbani halikuwa limenijia. Akanikaribisha chai, nikanywa, tukazungumza habari za mvua.

Mwezi uliofuata mkewe alikuwa na miadi tena. Mzee alikuja asubuhi na mapema, amevaa koti lake. Kabla ya kufungua mlango alilizunguka gari mpaka mbele kulia, akaninyoshea fimbo kwenye gurudumu. Nikaelewa. Nikakibandua kile kifuniko. Mzee akainama kwa shida, akaitazama nati kwa muda, naye hajui nati iliyokazwa yatofautianaje na isiyokazwa. Kisha akainua uso akanitazama mimi kwa muda ule ule. Ndipo akamwita mkewe, na mjukuu akaja nyuma akimshika bibi yake mkono.